Hamira, buibui na gundi ya kidonda: jibu kwa dada wa maandazi Temeke

Swali limetoka kwa dada mmoja anapika maandazi Temeke, nalifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mwanangu yuko form five anasoma PCB, juzi nakanda unga akaniambia mama hiyo hamira siku hizi inatengenezeshwa uzi wa buibui, na huo uzi wanataka uwe gundi ya kufungia vidonda badala ya kushonwa. Nikajua ananitania. Ni kweli? Na kama kweli si wangefuga buibui tu, mbona kwangu wamejaa? Hamira ninayonunua dukani ndo hiyohiyo? Afu bibi yetu alikuwa anatubandika utando wa buibui tukijikata, alikuwa anajua kitu au ndo mambo ya zamani?"

Nzuri dada'ngu, pole na moshi. Mwanao hajakutania, ila kakupa mwanzo na mwisho akaruka katikati, na huko katikati ndo kwenye kazi yenyewe, watu wameumiza vichwa tangu miaka ya 90 mpaka leo. Mi nimekaa na hawa chachu wa maabara, yani viumbe vidogo wa jamii ya hamira, miaka kadhaa kwahiyo nivumilie nikirefusha.

Tuanze na kufuga maana kila mtu anauliza hilo. Buibui hafugiki kama kuku. Ukiwaweka wengi pamoja wanalana, jike anamla dume, jike anamla jike mwenzie, ukirudi baada ya siku kadhaa unakuta buibui mmoja kanenepa. Yule kiwavi wa hariri ni mpole, we mpe majani ya mforosadi anatulia, ndo maana Wachina wamemfuga maelfu ya miaka. Kuna jamaa wawili, Simon Peers na Nicholas Godley, waliamua kujaribu kule Madagascar, wakawa wanatuma watu asubuhi kukusanya buibui wa dhahabu kwenye nguzo, wanawabana taratibu kwenye kimashine, wanawavuta uzi kwa mkono afu wanawaachia waende zao. Buibui zaidi ya milioni moja, wakapata kitambaa kimoja kikaonyeshwa New York mwaka 2009, baadae wakatoa na joho likaonyeshwa London 2012. Zuri sijawahi kuona, njano ya kung'aa na hawajatia rangi hata tone, hiyo ni rangi ya uzi wenyewe. Ila piga hesabu we mwenyewe, buibui milioni kwa kitambaa kimoja, hapo ukitaka gundi ya hospitali za mkoa mmoja tu si utamaliza buibui wote wa pwani.

Sasa kabla sijafika kwenye hamira naomba ufanye kitu. Ndugu zao hao buibui wa dhahabu unao hapohapo mtaani, wale wakubwa wa miguu mirefu wanatanda kati ya mwembe na waya. Kesho ukiamka saa kumi na moja kuwasha moto, chukua tochi ya simu mkaangalie na huyo mtoto. Buibui mwenyewe msimguse. Gusa kwanza zile nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni, zile zimekaa kama spoku za baiskeli, utaona hazinati, ngumu tu na kavu. Afu gusa ule uzi unaozunguka duara, gusa kidogo sana kwa ncha ya kidole na uvute. Utakufuata! Unavutika kama bablishi, ukiachia unarudi. Sogeza tochi karibu kabisa utaona kwenye huo uzi kuna vitone vidogovidogo vimepangana mmoja baada ya mwingine kama shanga. Hivo vitone ndo gundi.

Umeona hapo? Uzi na gundi ni vitu viwili, na mwanao hakukwambia. Buibui mmoja anaweza kuwa na tezi za aina mpaka saba tumboni, kila moja na hariri yake. Kuna ya kamba, ile anayoning'inia nayo akianguka, hiyo ndo ile wanaisifia kwamba uzito kwa uzito inaishinda chuma. Kuna ya simenti, anapiga kidoa ukutani ili kamba ishike. Na kuna hiyo ya vitone. Kwahiyo mtu akisema hariri ya buibui ni kama mteja aje kwa mangi aseme nipe unga. Unga upi? Sembe, dona, ngano, muhogo?

Haya, hamira. Protini yoyote, iwe ya nyama, ya yai au ya uzi wa buibui, ni mnyororo wa vipande vinaitwa asidi amino, na mpangilio wake umeandikwa kwenye DNA, kipande cha maandishi cha protini moja ndo tunaita jeni. Bahati nzuri herufi za DNA ni zilezile kwa buibui, kwa hamira, kwa mimi na wewe. Ukichukua jeni la buibui ukalipachika kwenye chachu, chachu hana habari limetoka wapi, anasoma anapika. Na hili sio jambo la kesho, limeshazoeleka: chanjo ya homa ya ini B ya kutengenezwa kwenye chachu ilipitishwa Marekani mwaka 1986, na mwanao mwenyewe alipokuwa mdogo akichomwa ile chanjo ya mseto kliniki, kile kipande cha homa ya ini B ndani yake kilitoka kwenye chachu. Insulini ya wagonjwa wa sukari nayo nyingine inatoka hukohuko.

Lakini mbona chachu na sio bakteria, maana bakteria ni rahisi na anakua haraka? Bakteria wametumika sana na bado wanatumika. Shida ya kwanza, jeni la hariri ni refu, na bakteria akilisoma mara nyingi anachoka njiani anakuachia mnyororo mfupi, unapata mchanganyiko wa marefu na mafupi. Mwaka 1997 Stephen Fahnestock na mwenzake Laura Bedzyk wa kampuni ya DuPont walipachika jeni la kutengeneza kwa mkono kwenye chachu anaitwa Pichia pastoris, wakakuta ile shida ya kukatikia njiani haipo. Shida ya pili ni ya kidonda: bakteria yule anayetumika sana maabara, E. coli, ukuta wake una sumu inayoleta homa na uvimbe ikiingia mwilini, lazima uisafishe mpaka iishe na kusafisha ni hela. Chachu hana sumu hiyo.

Na huyu Pichia ana tabia moja mi inanifurahisha kila siku, anakula methanoli. Ndio, hiyohiyo methanoli inayopofusha watu wakinywa gongo iliyochakachuliwa. Kwahiyo unamlisha kwa awamu mbili, kwanza gliserini ashibe azaliane mpaka chombo kiwe kizito kama maziwa mgando, afu unamkatia gliserini unaanza kumdondoshea methanoli kidogokidogo. Jeni la buibui umelifunga kwenye swichi inayowaka akionja methanoli tu, kwahiyo kabla ya hapo anakua, baada ya hapo anapika. Na mbele ya protini unamwekea kijilebo kinachosema hii mzigo wa nje, chachu anaisukuma nje ya seli na lebo anaikata mlangoni, we unachuja supu. Uzuri wake protini zake mwenyewe anazotoa nje ni chache kwahiyo supu inakuwa safi kiasi. Harufu yake? Kama unga wako uliolala usiku kucha ila yenye ukali wa spiriti.

Sasa huko katikati alikoruka mwanao. Jeni la hariri linajirudiarudia. Sio kidogo, ni balaa. Kipande cha asidi amino inaitwa alanini mfululizo, alanini alanini alanini, afu kipande cha nyingine inaitwa glisini nyingi, afu tena alanini, afu tena glisini, mara kama mia hivi. Hayo marudio ndo siri ya uzi wenyewe: vile vipande vya alanini vinajipanga kama sahani zilizobebana vinakuwa vigumu, vya glisini vinabaki vimelegea kama springi, ndo unapata kitu kigumu na chenye kuvutika kwa pamoja. Ila we fikiria daftari la mapishi limeandikwa "tia unga, tia maji, kanda, tia unga, tia maji, kanda" kurasa mia bila namba, ukiinua macho kumjibu mteja ukirudi hujui ulikuwa ukurasa gani. Chachu naye hivohivo. Ana mafundi wake wa kurekebisha DNA, wakiona vipande viwili vinafanana wanadhani ni kimoja, wanakunja wanakata katikati, jeni linafupika bila kukuuliza.

Yamenikuta. Tulikuwa na kloni, yani ukoo wa chachu uliotoka kwenye seli moja, tunaipenda, tumeihifadhi kwenye friza, tukaichochea wiki nzima, siku ya kupima tunapitisha protini kwenye jeli ya umeme ambayo kubwa inabaki juu ndogo inashuka. Nikategemea mstari juu kabisa. Nikaukuta chini, mmoja tu, mzuri, umenyooka, mdogo kama nusu ya ule tunaoutaka. Chachu alikuwa kafupisha jeni kitambo, sisi tunamlisha methanoli kwa bidii atupikie nusu. Niliumia kwasababu ule mstari ulikuwa msafi, ungekuwa wa hovyo ningesema kuna kosa la kupima. Na hilo jeni lenyewe kulipata ilikuwa kesi, kampuni ya kwanza tuliyoiomba ituandikie hiyo DNA ilikataa oda, kompyuta yao ikiona marudio inatoa jibu la samahani, tukahangaika kuliunga vipandevipande wenyewe.

Dawa yake ni ujanja wa tahajia. Glisini kwenye DNA inaandikwa kwa njia nne, alanini nayo nne, herufi ya tatu ni kama mapambo tu. Kwahiyo unabadilisha tahajia kila rudio, protini inatoka ileile ila DNA haifanani na jirani yake, mafundi wa chachu hawapati pa kukunja. Ni kama kuandika "tia unga" ukurasa huu, "ongeza unga" ule, "mimina unga" ule mwingine, andazi ni lilelile. Inasaidia sana, haimalizi. Maana kuna na njaa ya malighafi, kwenye hariri ya kamba glisini na alanini ni zaidi ya nusu ya mnyororo wote, buibui tezi yake imejiandaa kwa hilo, vibebeo vya glisini na alanini, vile vinavyozileta kwenye mnyororo unaopikwa, amejaza stoo. Kiumbe mwingine anaishiwa. Mwaka 2010 kuna watafiti wakamwongezea bakteria vibebeo vya glisini tu, wakapata mnyororo mrefu karibu na wa buibui mwenyewe. Mambo ya stoo hayo, sio uchawi.

Tuseme umepata protini ndefu safi. Una gundi? Huna, una unga kwenye kopo. Buibui anaitunza protini tumboni ikiwa maji mazito sana bila kuganda, afu kwenye mrija wa kutokea anaongeza uchachu, pH inashuka kutoka kama 7.6 mpaka chini ya 6, na anaivuta, ndo inakuwa uzi sekunde hiyohiyo. Anaweza hivo kwasababu mnyororo una vifuniko viwili, kichwani na mkiani, visivyojirudia, kazi yake kuzuia isigande kabla ya wakati. Watu wa mwanzo waliona marudio ndo mali wakaacha vifuniko, wakapata mabonge, kama uji uliomwagiwa unga wote kwa mpigo. Vifuniko viliporudishwa mambo yakanyooka kiasi.

Na kwenye gundi yenyewe, ile ya vitone, hapo mi ndo naona watu wengi wanajidanganya. Jeni lake moja lilisomwa lote mwaka 2019, Sarah Stellwagen na Rebecca Renberg, wakakuta lina herufi zaidi ya 40,000. Kitu kama hicho hukipachiki kizimakizima kwenye chachu ukalala usingizi, unachukua kipande. Afu buibui akishapika hiyo protini anaipamba kwa sukari za aina fulani, na chachu naye anapenda kupamba ila sukari yake ni manozi, na mwili wa binadamu ukiona manozi nyingi unasema huyu fangasi, unaanza vita. Kwahiyo inabidi umrekebishe chachu asipambe, au aelekezwe kupamba kibuibui. Yote hayo tuseme umeweza. Bado, kwasababu kunata kwa kile kitone sio protini peke yake! Ndani yake kuna vijichumvi na vitu vidogovidogo vinavyonyonya unyevu wa hewani, ndo vinafanya gundi ibaki laini. Ukiviosha ukaacha protini tupu, kunata kunakufa. Kuna utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba vijichumvi hivo vinaondoa maji pale gundi inapokutana na kitu, ndo maana utando unanasa nzi hata hewa ikiwa nzito ya unyevu, na sisi wa Dar mwezi wa nne tunaijua hewa hiyo.

Hilo la maji ndo kiini cha gundi ya kidonda. Chukua gundi yoyote ubandike plasta ya karatasi kwenye mkono uliolowa, haishiki, kwasababu maji yamekaa katikati. Kidonda kina damu, kina majimaji. Hospitali leo kuna nyuzi, nazo zinatoboa. Kuna gundi ya ukoo wa supagluu, aina ya matibabu ilipitishwa Marekani 1998, nzuri kwa mkato mdogo wa juu ya ngozi ila ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, huiweki kwenye ini au pafu linalotanuka na kusinyaa. Kuna ya fibrini, ile protini ya kugandisha damu, inayotolewa kwenye damu ya watu, laini lakini inashika kidogo na bei yake sio ya kwetu. Kinachotafutwa ni kitu cha katikati, kinate penye maji, kinyumbuke na nyama, afu mwili ukimeng'enye taratibu. Ndo maana macho yakaenda kwa buibui.

Njia ninayoiamini zaidi mimi ni ya kuchanganya: uti wa mgongo wa kamba ya buibui kwa ajili ya nguvu, na kunata umwachie kome. Wale kome wanaong'ang'ania mawe baharini wimbi linapiga hawatoki, wana asidi amino moja inaitwa dopa ambayo inashika kwenye maji. Chachu hajui kuandika dopa, anaandika asidi amino nyingine inaitwa tairosini, afu unatia kimeng'enya kinaibadilisha iwe dopa. Kasoro ni kwamba dopa ikikaa na hewa inageuka kahawia kama ndizi iliyokatwa ikaachwa, na ikigeuka hivo kunata kunapungua. Tunabishana na hewa, yani.

Kwahiyo dukani ipo? Hapana, ukienda duka la dawa leo Kariakoo au hata huko Marekani hukuti gundi ya kidonda ya hariri ya buibui kutoka kwenye chachu. Kilichofika sokoni ni vingine. Bolt Threads, kampuni ya Marekani inayotumia chachu, mwaka 2017 ilitoa tai 50 tu za uzi huo kwa dola 314 moja, baadae wakaelekea zaidi kwenye protini ya vipodozi. Mi sishangai, mafuta ya kupaka hayahitaji mnyororo mrefu usio na kasoro, kidonda na uzi vinahitaji. Na ukiniuliza Dar tunaweza kupika, kupika tunaweza, ila Pichia anataka nyuzijoto 30 na akila methanoli anatoa joto kama jiko. Hata Ulaya wanahangaika kupoza, sisi hapa Januari tungehangaika zaidi, na umeme ukikatika dakika chache oksijeni inaisha chomboni na mzigo wa siku nne umekwenda.

Hamira yako ya pakiti ni Saccharomyces cerevisiae, ukoo mmoja na wa maabara anayetengeneza chanjo, Pichia ni binamu. Ila yako haina jeni la buibui na haiwezi kuliokota ukutani hata utando ukidondokea kwenye beseni, kwahiyo wateja wako wasiwe na wasiwasi. Na we mwenyewe usiwe na wasiwasi.

Kuhusu bibi: hakuwa anabahatisha, watu wa zamani sehemu nyingi, mpaka Wagiriki na Warumi, walibandika utando kwenye jeraha. Zile nyuzi nyembamba zinaipa damu mahali pa kujishikiza igande. Tatizo utando wa darini una vumbi, masizi, mabaki ya nzi na vimelea, na pepopunda inapenda jeraha la hivo. Mtoto akijikata na kisu cha kukatia unga osha kwa maji safi na sabuni, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kufunuafunua kuchungulia, ikiwa inaendelea kuvuja au mkato ni wa kina nendeni kituo cha afya, na uulize kama sindano ya pepopunda anahitaji kurudia. Utando muuache kwenye mwembe, mna miadi nao saa kumi na moja.